Aliyeipanga Droo

Gerda Natusch alifungua mlango upana wa kiganja, akaona ni nani, akataka kuufunga. Inspekta Roswitha Kalinke alikuwa ameshasukuma ndoo ya makaa ya mawe kwenye upenyo, na mlango ukagota kwenye bati.

"Nimekuletea makaa," alisema huku akihema. Ngazi za kufika ghorofa ya nne zilikuwa themanini na nane. Alizihesabu zote, ndoo moja kila mkono.

"Jana umenichukulia mume, leo unaniletea makaa," Gerda alisema. "Serikali ina huruma kweli. Weka hapo, uende zako."

"Nina maswali mawili tu."

"Na mimi nina moja. Hakimu anakaa saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

Gerda aliegemea mikongojo yake miwili, akamkagua kuanzia viatu hadi nywele. Nyonga zake ziliharibika kiwandani miaka mingi nyuma, na jiko la vigae nyuma yake lilikuwa limezimika tangu jana. Bila Egon wa kupandisha makaa kila alfajiri, mwanamke huyu angekaa kwenye baridi ya Novemba hadi jirani amkumbuke, na tangu Ujerumani mbili ziungane majirani wa jengo lile hawakuwa wakikumbukana. Kalinke aliyajua hayo yote jana alipotia sahihi karatasi ya kumkamata Egon Natusch. Hata hivyo alitia. Aibu ya jambo hilo ilimnyima usingizi, na ndiyo iliyompandisha ngazi zile.

"Uliza upesi, baridi inaingia."

"Jumatatu jioni alirudi akiwa na hali gani?"

"Ya njaa. Alikula viazi na jibini laini, akamimina mafuta ya kitani hadi sahani ikaogelea, akalala. Mtu ametoka kuua anakula hivyo?"

"Wengine hula zaidi," Kalinke alisema. "La pili. Egon anajua kusoma hati ya kizamani? Ile waliyokuwa wakiandika mababu zetu?"

"Egon?" Gerda alicheka bila furaha. "Barua za marehemu mama yake ziko kwenye kopo la biskuti. Kila Krismasi anampelekea mchungaji amsomee. Kwani hati ina nini?"

"Nauliza tu."

"Nyie hamuulizi tu," alisema Gerda, akazivuta ndoo ndani kwa mkongojo na kufunga mlango.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi mno. Jumatatu baada ya saa za kazi, Wiebke Lohmann, mhariri wa Kamusi ya Lahaja za Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, alipigwa kipajini kwa droo ya kadi ndani ya ukumbi wa kadi, akafa. Jumanne saa moja asubuhi mtunza jengo Natusch alimkuta sakafuni. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye mshikio wa shaba wa droo namba 214. Alidai aliona damu ikichuruzika kutoka kwenye tundu lake la kabati, akaivuta atazame. Nani angemwamini? Lohmann alikuwa amemwandikia barua ya onyo kwa kuvuta sigara, na mwaka 1971 Natusch alifungwa kwa kumpiga mtu kwa kiti kilabuni. Mwendesha mashtaka Hasselbach hakuhitaji zaidi. "Kiti jana, droo leo," alisema. "Mtu haachi samani zake."

Lakini asubuhi hii, kabla ya Gerda na makaa yake, maabara ilikuwa imeleta taarifa ya kurasa tatu, na ukurasa wa pili Kalinke aliusoma mara nne.

Saa nne alikuwa ndani ya ukumbi wa kadi. Lilikuwa ghala la zamani la shayiri ya bia, na makabati ya mbao yalipanda hadi darini. Miaka sitini na saba walimu wa vijijini, makasisi na wakulima waliojua kuandika walikuwa wametuma hapa maneno ya kwao, neno moja kadi moja, na wahariri wameyachapa kitabu baada ya kitabu kutoka herufi A. Sasa walikuwa kwenye K.

Kalinke alichomoa droo yoyote iliyokuwa karibu, akaikamata kwa mikono miwili, akaizungusha kama mtu anayempiga mwenzake.

Kadi ziliruka na kumwagika hadi chini ya madirisha.

"Umepata wazimu?" Sauti ilitoka mlangoni. Profesa Anselm Rietdorf alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba, koti lake limefungwa vifungo vyote. Aliiongoza ofisi ile tangu 1968 na alikuwa bado hajamsalimu mtu wa polisi hata mara moja. "Unajua umevuruga kazi ya siku ngapi?"

"Sijui. Niambie."

"Droo moja ina kadi mia sita. Anayejua kazi atatumia saa moja na nusu kuzipanga. Wewe usingemaliza hadi ustaafu."

Alisema kwa dharau, lakini alilosema ndilo alilokuwa akilitafuta Kalinke. Alitoa droo 214 kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi, akaiweka mezani.

"Nataka unisaidie, Profesa. Droo hii imempiga mtu hadi akafa. Haina chuma cha kushikilia kadi, kama hiyo niliyoimwaga. Mbona kadi zake zote ziko ndani, zimenyooka?"

"Mimi ni mwanaisimu. Mafundi wa maiti mnao nyie."

"Mafundi wamesema kadi sitini na moja zina damu. Ya tisa, ya thelathini na mbili, ya mia na nne, hivyo hivyo hadi mwisho. Hazifuatani. Kwa hiyo damu ilizikuta zimetapakaa chini. Halafu kuna mtu akapiga magoti kando ya maiti, akaziokota moja moja, akazirudisha kwa mpango."

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Kadi zilikuwa zimezoleka, na kwa utaratibu. Profesa aliinama juu ya droo, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaacha kiburi na kuwa makini.

"Zimepangwa sawasawa?" Kalinke aliuliza.

"Kwa vijiji, kutoka kaskazini kwenda kusini, na ndani ya kijiji kwa mwaka. Sawasawa kabisa. Nusu yake ni hati ya kizamani."

"Ambayo Natusch hawezi kuisoma."

"Natusch anasoma magazeti ya mpira tu," alisema Profesa. Kisha alifika katikati ya droo, penye kadi ngumu ya bluu ya kutenganisha, akainuka ghafla. "Nani aliyepachika uchafu huu hapa?"

"Ndilo nilitaka kukuuliza. Ni nini hiyo?"

Ilimbidi aeleze, na alieleza kama mtu anayetema. Droo 214 na 215 zilikuwa za neno moja: *Kiefer*. Kwa Mjerumani, *Kiefer* ni taya. *Kiefer* vilevile ni msonobari, mti uliotapakaa kwenye ardhi yote ya mchanga ya Lausitz. Vyuo vyote vya Ujerumani vilifundisha kwamba neno hili lina asili mbili zisizojuana: la taya lilitoka kwenye ukoo wa maneno ya kutafuna, na la mti lilikuwa maneno mawili ya zamani, *Kien*, yaani ukuni wenye utomvu, na *Föhre*, jina kongwe la msonobari, yaliyosagika pamoja katika vinywa vya watu hadi yakawa moja. Vyuo vyote, isipokuwa Rietdorf. Yeye kwa miaka arobaini alishikilia kwamba asili ni moja. Tunda la msonobari lina magamba mithili ya meno, basi mti ulipewa jina la taya. Vitabu vyake vitatu vilisimama juu ya tunda hilo. Na kadi ile ya bluu ilitenga taya upande mmoja, mti upande wa pili.

"Baba yangu alikuwa mpasua mbao," Kalinke alisema. "*Kien* tuliwashia jiko kila siku. Kwetu ungecheka ukiambiwa mti unatokana na taya."

"Asili ya maneno si kazi ya wapasua mbao."

"Na Bi Lohmann? Ilikuwa kazi yake?"

Kalinke alizipekua kadi kwa kibano hadi akaifikia moja iliyochakaa, ya mwalimu wa kijiji mwaka 1932. Mwalimu aliandika kwamba wazee wake huita mti *kienfer* na taya *keffer*, na humcheka mgeni anayeyachanganya. Nyuma, pembeni chini, kulikuwa na herufi za penseli: W.L., na tarehe ya mwezi uliopita.

"Herufi hizi ni za nini?"

"Alama ya mgunduzi. Hapa mtu wa kwanza kung'amua jambo kwenye kadi huweka herufi za jina lake nyuma. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hata mimi siwezi kumfuta mtu. Lohmann alitaka kuichapa hiyo kwenye kitabu cha K. Kadi moja ya mwalimu mlevi, ibomoe miaka yangu arobaini. Ndiyo, tuligombana Jumatatu. Ndiyo, nilimfokea, hadi mtaani walisikia. Niliondoka saa kumi na moja nikamwacha mzima, na sijutii neno hata moja."

"Ungemwua?"

"Ningemfukuza kazi. Inauma zaidi."

Kalinke alimwamini nusu. Aliteremsha droo 215, akaimimina mezani chungu nzima. Kadi za humo zililetwa miaka ya hamsini na hazikuwahi kupangwa.

"Panga."

"Mimi? Kama mwanafunzi?"

"Kuna mtu yuko mahabusu kwa kosa ambalo huenda ni lako. Panga, Profesa. Hamsini tu."

Alipanga, akisonya kila kadi ya tatu. Mikono ya kizee ilikuwa na wepesi wa kushangaza. Kaskazini kwenda kusini, mwaka kwa mwaka, taya na mti bega kwa bega katika mstari mmoja. Hakutenganisha hata kadi moja. Kalinke alipomwomba akate mstari ule sehemu mbili, taya huku na mti kule, Profesa aliweka mikono nyuma.

"Nikate vidole kwanza."

"Basi tazama hizi." Kalinke alimwonyesha kadi nne mwishoni mwa droo 214, nyuma kabisa, zimesimama kichwa chini. Mbili kati yake zilikuwa na damu. "Kwa nini ziko hivi?"

"Uzembe," Profesa alisema. "Katika droo zangu kadi haisimami kichwa chini." Hakuwa akidanganya. Hakuijua maana yake, na watu wa aina ile hawawezi kuficha wanachokijua.

Aliyeipanga droo, basi, aliamini asili mbili. Mmoja wa walioamini hivyo alikuwa marehemu. Katika ofisi ile alibaki mtu mmoja tu mwenye ujuzi wa kupanga, na saa ya ukutani ilikuwa imeshapita sita.

Kabla ya kumwita, Kalinke alifanya mambo mawili. Aliomba simu, akazungumza na mkuu wa stesheni ya treni kwa dakika tatu, akaandika jibu lake. Halafu akafunga mapazia, akaishika kadi ya mwalimu karibu na taa ya meza, mwanga ukija kwa ubavuni. Katika orodha ya vitu vya meza ya Lohmann polisi waliandika "raba moja, unga wa raba," na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anayeandika makala zake kwa kalamu ya wino awe na unga wa raba mezani. Sasa Kalinke aliuliza, na kadi ikajibu. Chini ya W.L. karatasi ilikuwa na mifereji membamba ya penseli iliyofutwa. Alisoma H.S., na tarehe: 14 Machi 1979.

Hannelore Schuppan aliingia saa saba na nusu, akiwa ameshika mkate wenye nyama mbichi ya kusaga aliokuwa hajauuma. Alikuwa mhariri mkongwe wa ofisi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, sweta la kijivu, miwani kwenye kamba. Ofisi nzima ilimwita nguzo ya nyumba.

"Nimeshatoa maelezo," alisema. "Mara mbili. Nilitoka saa kumi na nusu, nikapanda treni yangu ya saa kumi na dakika hamsini na mbili, nikashuka kwangu. Kama kawaida."

"Jumatatu pia?"

"Jumatatu ni siku ya kawaida."

"Treni ilichelewa?"

"Treni yangu haichelewi."

Kalinke alichukua droo 215, na safari hii hakuimwaga mezani. Aliigeuza juu chini, akaachia kadi zote zianguke sakafuni, mbele ya viatu vya Bibi Schuppan.

Mkate uliwekwa dirishani. Bibi Schuppan hakufoka kama Profesa, hakuuliza. Alipiga magoti. Mikono yake ilianza kazi kabla macho hayajafika, na Kalinke alikaa kwenye ukingo wa meza akimtazama kwa dakika ishirini. Fungu la taya kushoto. Fungu la mti kulia. Hati ya kizamani aliisoma kama tangazo la dukani. Kila alipokutana na kadi iliyoandikwa *Kiefer* na jina la kijiji pekee, bila kusema ni taya au ni mti, aliipindua kichwa chini na kuiweka pembeni.

"Hizo kwa nini unazipindua?"

"Zina shaka. Nazirudia mwisho, nikishahakikisha nazigeuza."

"Nani mwingine hufanya hivyo hapa?"

"Hakuna. Kila mtu na mkono wake." Ndipo mkono wenyewe ukasimama hewani, na kadi ndani yake.

"Jumatatu hukupata muda wa kuhakikisha," Kalinke alisema. "Uliacha nne."

Bibi Schuppan aliiweka kadi mahali pake, akanyanyuka polepole, akakung'uta magoti. Alipozungumza, sauti ilikuwa ngumu na kavu.

"Una kadi nne zilizopinduka. Mpelekee hakimu."

"Nina treni pia. Jumatatu treni yako haikuja. Msonobari uliangukia reli saa kumi, na hadi saa mbili usiku hakuna kilichopita. Abiria wote waliokuwa stesheni siku ile wanakumbuka. Wewe tu hukumbuki."

"Nilikosea siku."

"Na nina hii." Alimsogezea kadi ya mwalimu chini ya taa. "H.S. Miaka kumi na tano nyuma. Bi Lohmann alikufuta kwa raba, akajiandika yeye."

Schuppan hakuitazama kadi. Alitazama saa ya ukutani, na Kalinke akaelewa kwamba hesabu ile yeye pia anaijua. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Akinyamaza hadi jioni, Natusch ataingia gerezani leo, na sahihi ya hakimu ikishakauka itachukua wiki kuifuta.

"Sina la kusema," alisema Schuppan.

"Mkewe Natusch hana wa kumwashia jiko."

"Si mimi niliyemkamata. Ni wewe."

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kalinke aliteremka mezani akiwa na hasira ambayo hakujaribu kuificha, akachota kadi za kushoto kwa mkono mmoja na za kulia kwa mwingine, akaanza kuzichomeka ndani ya droo tupu. Taya, mti, mti, taya. Nyingine alizigeuza mgongo. Nyingine alizilaza.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha sakafu."

"Hiyo ni ya kusini. Hiyo... unaiweka wapi hiyo? Mtu hataiona tena miaka mia."

"Niko na haraka, Bibi. Hakimu anakaa saa tisa." Kalinke alichomoa droo ya jirani, akachota kadi kadhaa, akazichanganya na zile nyingine kama mtu anayechanganya karata. "Nikimaliza hii kuna 213. Halafu 212. Nina mchana mzima na makabati ni mengi."

Lilikuwa jambo la kikatili, na haliko katika kitabu chochote cha polisi. Bibi Schuppan alisimama, vidole vyake vikifuata kila kadi kwa mbali. Ilipofika kadi ya kumi na tano alimshika Kalinke kifundo cha mkono.

"Acha."

"Sema."

"Acha kwanza."

Kalinke aliacha. Schuppan alivuta kiti, akakaa, akazungumza akiitazama droo.

"Niliiona mimi, mwaka 1979. Nilimpelekea Rietdorf, akaniambia nikiitaja nje ya ukumbi huu nitakwenda kuuza tiketi stesheni. Nikanyamaza. Kila asubuhi 'Habari za asubuhi, Profesa,' miaka kumi na tano. Nilijua atastaafu kabla kitabu cha K hakijatoka, na mimi ndiye nitakayeliandika neno lile. Halafu akaja huyu kutoka mji wa Kiel, miaka miwili hana, akaikuta na herufi zangu nyuma. Nilirudi kutoka stesheni Jumatatu kwa sababu treni haikuja, ndiyo. Nikasema nipange panapofaa kupangwa. Nikavuta 214. Nikaona W.L. Nikamwuliza, 'Umenifuta?' Akasema, 'Wewe ulikuwa nayo miaka kumi na tano hukuitumia, Bibi Schuppan. Ni kama hukuiona.' Droo ilikuwa mkononi mwangu."

"Halafu ukazipanga."

"Zilikuwa sakafuni!" Ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti. "Zimetapakaa zote, nyingine zinalowa. Ungefanya nini wewe?"

"Ningeita gari la wagonjwa."

Schuppan alifikiri juu ya jibu hilo, na ilionekana ni mara yake ya kwanza kulifikiri. "Alikuwa ameshakufa," alisema mwishowe. "Nafikiri alikuwa ameshakufa."

"Jina lako mbona hukulirudisha? Raba ilikuwepo mezani."

"Kufuta alama ya mtu?" Alimtazama Kalinke kwa chuki safi. "Unanichukulia mimi ni nani?"

Maelezo yaliandikwa kurasa mbili, yakasomwa, yakatiwa sahihi. Saa nane na dakika hamsini Kalinke alimpigia Hasselbach, ambaye hakupongeza wala kuomba radhi, aliuliza tu kama sahihi inasomeka. Maofisa wawili walipomchukua Bibi Schuppan aligeuka mlangoni.

"Uliyoichanganya 215. Anayejua kuipanga ni mimi peke yangu."

"Najua," Kalinke alisema.

Egon Natusch aliachiwa saa tisa na robo pale mahakamani. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na minane, kidevu kimejaa ndevu za siku mbili, mshipi wa suruali mkononi maana walikuwa wamemrudishia sasa hivi. Kalinke alimsubiri kwenye ukumbi wa chini akiwa na shada la funguo za ghala.

"Funguo zako, Bwana Natusch. Makosa yalikuwa yangu. Samahani."

Alizichukua, akazihesabu moja moja. "Gerda nani kampandishia makaa?"

"Mimi. Ndoo mbili."

"Ndoo mbili ni za siku moja," alisema. Alivaa mshipi bila haraka. "Nani basi? Mzee?"

"Bibi Schuppan."

Natusch alisimama na mshipi nusu tunduni. Watu waliingia na kutoka kwa mlango mkubwa, baridi ikaingia nao, na yeye hakusogea.

"Haiwezekani," alisema. "Miaka kumi na tisa niko kwenye jengo lile. Yule peke yake ndiye ananisalimu. Wengine wote wanapita kama mimi ni rangi ya ukutani."

"Jumanne alikusalimu? Baada ya sisi kufika?"

Kalinke alimwona akirudi kimawazo kwenye asubuhi ile, polisi kila mahali, maiti chini ya shuka, na wafanyakazi wakija mmoja mmoja na kusimamishwa langoni.

"Alinisalimu," Natusch alisema. "Akaniuliza hali ya Gerda."

Alifunga mshipi, akatia funguo mfukoni, akatoka. Kalinke alimfuata hadi nje na kumwambia gari lake liko pale, anaweza kumfikisha nyumbani. Natusch hakugeuka. Alivuka barabara kwa miguu kuelekea upande wa duka la makaa.